Sekunde Tisa za Pascal

Kufa hakukumtisha maman Séraphine. Kilichomtisha ni kwamba mwanawe Pascal alikuwa amekwisha kufa kule Ulaya, na mumewe anamficha. Alilisema wazi, mchana kweupe, akilalia ubavu wake mmoja ambao haukuwa unauma, katika nyumba yao ya Kasha, pembeni mwa mji wa Bukavu.

"Papa Pascal, niambie tu. Mutoto alikufa lini?"

"Séraphine! Usimuitie mutoto mukosi. Ameandika juzi. Si nilikusomea?"

"Ulinisomea, ndiyo. Kinywa ni chako, sauti ni yako. Karatasi inasema kila kitu mwenye kuisoma anataka."

Théodore, mumewe, alimvutia shuka begani. Mkewe hakujua kusoma, na tangu ugonjwa ule wa tumbo umlaze hakujua pia kubembelezwa. Miaka ya kwanza Pascal alipokwenda Liège kusomea mambo ya kompyuta, kila msafiri aliyerudi alileta kaseti. Pascal alikuwamo humo ndani anacheka, anakohoa, anasalimia mtaa mzima mtu kwa mtu mpaka betri za redio zinalegea. Kisha wasafiri wakaadimika, kaseti zikakoma. Simu ya Ulaya nayo ilikufa na mvua za mwaka ule. Waliovuka mto Ruzizi kujaribu simu za upande wa pili walirudi wakisema ni kelele tupu. Ikabaki teleksi. Na teleksi, jamani, ni herufi kubwa tu kwenye karatasi. Haicheki wala haikohoi.

Teleksi hiyo ilikuwa kazi ya Théodore. Kampuni ya kahawa kule mjini ilimwandika kazi akiwa kijana, akazeekea mbele ya mashine ileile. Kwenye karatasi za ofisi aliitwa citoyen Cirhuza, yaani raia Cirhuza, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku; kwa wenzake, nyumbani na kanisani alibaki Théodore, na serikali haikufika mpaka Kasha kumsahihisha. Kila siku, saa sita mchana hadi saa saba, Kinshasa iliwapa Bukavu laini ya Ulaya. Ni saa ya chakula, mabwana wote wamekwenda kula. Théodore alibaki peke yake, na kwa ruhusa ya mkubwa wake aliandikiana na mwanawe maneno mawili matatu.

Na mwenye kusimulia asifiche kitu: mke wake hakumshuku bure.

Mwaka uliotangulia koko Eulalie alifariki huko Kalehe. Huyo ndiye mama yake Séraphine, bibi aliyemlea Pascal tangu anaachishwa ziwa. Séraphine alisema, akiwa bado na majivu ya kilio usoni, "Nenda umuambie mutoto." Théodore akaenda, akakaa mbele ya mashine, akashindwa. Kwetu mtoto aliye mbali peke yake hapelekewi kilio. Nani atamshika? Nani atamnywesha maji? Unangoja mpaka awe katikati ya watu wake, kisha unamkalisha chini. Basi alimwandikia Pascal habari za mvua na bei ya nyama, akarudi nyumbani.

"Amesema nini?" Séraphine akauliza.

Hapo ndipo alipokosea. Alitoa karatasi mfukoni, karatasi ya kahawa tu, akasoma kisichoandikwa: Pascal analia sana, Pascal anasema koko alale salama, Pascal ataomba misa. Séraphine alilia mpaka moyo ukatulia, na usiku ule alipata usingizi. Théodore akajiambia uongo wenye kumlaza mgonjwa wa huzuni si uongo mbaya. Ukakaa hapo ndani ya nyumba mwaka mzima, wala haukumsumbua mtu.

Sasa daktari alikuwa amesema wamrudishe nyumbani. Mkishaambiwa hivyo hamuulizi tena. Martine, binti yao, alihamia kwa wazazi na kitoto chake cha wiki moja, msichana aliyepewa jina la bibi yake: Séraphine mudogo. Pascal alikwisha kuandikiwa habari zake. Mgonjwa alimshika mtoto, akamnusa, akamrudisha kwa mama yake. "Huyu amefika, na ule wangu ameenda," akasema. "Nikifika kule nitamukuta."

Kesho yake saa sita Théodore alimwandikia mwanawe bila salamu: MAMAN ANAKUFA. ANADHANI UMEKUFA. ANATAKA SAUTI YAKO.

Mashine ikaandika: PAPA SAUTI HAIPITI KWENYE TELEKSI. Na siku iliyofuata, kabla hata ya salamu: PAPA NIMEPATA NJIA.

Njia yenyewe ilikuwa hii. Kompyuta ya chuo chake ingeikata sauti vipande vidogo, vipande elfu nne kwa kila sekunde, na kila kipande kingepewa herufi moja kadiri sauti ilivyopanda au kushuka. Herufi teleksi inazijua. Huku Bukavu mashine ingezitoboa kwenye utepe wa karatasi, na kompyuta ya kampuni ingeusoma ule utepe na kuziunganisha tena mpaka ziwe mtu anayesema. Pascal alitaka kujua jambo moja tu: LAINI YENU INAPITISHA HERUFI NGAPI KWA SEKUNDE. NIJUE NISEME KWA MUDA GANI.

Théodore alilisoma swali hilo, akakaa wima kwenye kiti.

Miaka yote ile hakuwahi kuhesabu. Mashine aliijua kwa sikio. Ikichelewa kidogo tu aligeuka. Lakini mwanawe alikuwa amemuuliza kwa lugha ya chuo, na baba akataka kujibu kwa lugha hiyohiyo. Asionekane muzee wa kugonga vitufe tu. Akazunguka nyuma ya mashine, akapangusa vumbi kwenye kibao cha chuma, akasoma: baud hamsini, mapigo matano kwa herufi. Yaani waya hupiga mara hamsini kwa sekunde, na kila herufi inataka mapigo matano. Hamsini kugawa kwa tano, kumi. Herufi kumi kwa sekunde! Kwa saa nzima, elfu thelathini na sita. Gawa kwa elfu nne: sekunde tisa za sauti.

Akapanda ngazi kwa Firmin, kijana wa hesabu za kampuni, ambaye ndiye aliyelinda kompyuta pekee ya kampuni na hakuruhusu mtu kuipumulia.

"Papa Théo, baud ni mambo yenu ya waya," Firmin alisema. "Huku tunahesabia octet, visanduku vya kumbukumbu ya machine. Niambie octet ngapi niitengee nafasi. Machine yangu haina tumbo kubwa."

"Herufi mbili zinajaza octet moja. Elfu thelathini na sita kwa mbili..."

"Elfu kumi na nane. Zinaenea. Lakini uko na hakika?"

"Mutoto wangu, hii mashine nimeikalia kabla weye hujaota meno!"

Firmin akacheka, akaandika. Théodore akashuka akiwa amefurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Akamjibu Pascal: HERUFI KUMI. SEKUNDE TISA. ZITOSHE.

Sekunde tisa! Alizirudia njiani, ndani ya basi la Bagira la kurudi nyumbani, mpaka jirani yake kwenye kiti akamwangalia. Katika sekunde tisa mtu aliyelelewa vizuri anaweza kusalimia nyumba nzima.

Siku iliyofuata saa sita kamili mashine ilianza. Haikuandika neno hata moja la kibinadamu. Ilikuwa ni herufi zimechanganyika, na utepe ukatoka umetobolewatobolewa, ukajaa kikapu, ukamwagika sakafuni. Théodore aliuokota kwa mikono miwili asiukanyage. Ndani ya ule utepe alikuwamo mtoto wake, na hakuthubutu hata kutoka kunywa maji. Saa saba ilipogonga, Kinshasa ilichukua laini. Mashine ikakatika katikati ya mstari.

Huko juu Firmin aliulisha utepe kwenye kifaa chake cha kusomea kwa uvumilivu, kisha akakunja uso.

"Papa Théo. Ulisema octet elfu kumi na nane. Hapa ni elfu kumi na mbili. Nafasi imebaki."

"Haiwezekani. Angalia tena."

"Nimeangalia mara mbili."

Théodore alisimama katikati ya chumba, na sikio lake ndilo lililomwambia. Mlio wa mashine aliousikiliza tangu ujana wake: tak, kisha yale matano, kisha ule mvuto mdogo wa mwisho. Kila herufi ya teleksi hubisha hodi kabla haijaingia, pigo moja. Na ikishapita hufunga mlango, pigo moja na nusu. Walimfundisha hivyo siku ya kwanza ya kazi! Si mapigo matano bali saba na nusu. Hamsini kwa saba na nusu ni herufi sita na kitu, si kumi. Saa moja haibebi sekunde tisa za sauti. Inabeba sita.

"Sekunde tatu zimebaki Ulaya," akasema.

"Zitakuja kesho," Firmin akasema. "Tusikilize hizi kwanza."

Sauti ilitoka kwenye kispika kidogo, ikikwaruza, imebanwa puani, lakini ilikuwa yake. Ilikuwa yake! Théodore alishika meza.

"Miye Pascal. Jambo koko Eulalie, jambo sana. Jambo papa. Jambo dada Martine. Na weye ma..."

Ikakatika.

Firmin alipiga makofi. Kisha akamwona mzee amekaa kwenye kiti bila kupumua, akaacha.

Mtoto alikuwa amefanya alivyofunzwa. Unaanza na mkubwa kuliko wote, unashuka, na yule wa moyo wako unamwacha mwisho ili ukae naye. Ni Séraphine mwenyewe aliyemfunza, kwa kofi moja siku alipokimbilia kumkumbatia mama yake kabla ya bibi. Sasa mkubwa kuliko wote alikuwa kaburini Kalehe, na Pascal hakuambiwa. Na yule wa mwisho alibaki kwenye sekunde tatu ambazo hazijafika.

Angengoja kesho? Asubuhi ile Séraphine alikuwa amekataa hata maji. Théodore akamwomba Firmin ainase ile sauti kwenye kaseti, akaitia mfukoni, akapanda basi. Alijiambia labda Séraphine hataisikia ile salamu ya kwanza. Labda atasikia sauti tu. Mtu akiwa na shida hujidanganya kwa mambo madogo hivyo.

Jua lilikuwa bado linaingia dirishani alipofika. Martine alimwinua mama yake kidogo, akaweka mto mgongoni. Kitoto kilikuwa kimelala miguuni pa kitanda. Théodore akabonyeza redio.

"Miye Pascal."

Macho ya Séraphine yalifunguka. Ee Mungu, yalifunguka yote mawili, na mkono wake ukaanza kutafuta kitu hewani.

"Jambo koko Eulalie, jambo sana."

Mkono ukashuka. Sauti iliendelea, jambo papa, jambo dada Martine, ikafika kwenye na weye ma, ikakatika.

"Ni kaseti ya zamani," Séraphine akasema taratibu.

"Hapana! Ni ya leo, Séraphine. Imekuja na teleksi. Firmin ni shahidi!"

"Anasalimia mama yangu."

"Ndiyo, lakini..."

"Pascal alimulilia mama yangu mwaka jana. Ulinisomea. Aliomba misa. Sasa leo anamusalimia namna gani?"

Martine alimtazama baba yake. Na Théodore, ambaye angeweza bado kunyamaza, aliona kwamba kuna njia moja tu, akaishika.

"Hakuomba misa. Sikumuambia, Séraphine. Nilishindwa. Mutoto yuko peke yake kule, nani angemushika? Yale maneno niliyatoa kichwani mwangu. Karatasi haikuwa na kitu. Kwa hiyo unaona, Pascal hajui kama koko alikufa, njo maana anamusalimia! Ni sauti ya leo!"

Alisema haraka, karibu kwa furaha, maana aliamini ukweli ukitoka utamaliza kazi. Séraphine alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa kidogo kwenye mto.

"Kwa hiyo unajua kutunga," akasema.

"Séraphine..."

"Ulitunga misa. Ulitunga machozi. Na zile zingine zote ulikuwa unanisomea?"

"Zile zingine ni za kweli! Kesho sauti yake yote itafika. Zimebaki sekunde tatu, nilikosea hesabu, miye mwenyewe. Ngoja kesho tu. Atakuita."

"Kesho," akasema Séraphine. Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa afadhali. Alimshika mumewe kidole kimoja, kile cha shahada, kilichoota sugu kwa kugonga vitufe. "Usilie, papa Pascal. Ulifanya juu ya kunipenda. Umenitafutia ata kaseti. Uko mutu muzuri. Sasa nimejua, na miye sina tena woga. Nitamukuta, na koko atakuwa naye."

Théodore alimwapia kwa Bikira, akamwapia kwa kitoto kilicholala pale. Alisema mpaka sauti ikamkauka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba akirudi na ukweli atakuta mlango umefungwa. Séraphine aligeuzia uso ukutani, kwa ubavu ule usiouma, akafumba macho kama mtu aliyekwisha kupanga safari yake.

Alfajiri alikuwa ameondoka.

Wanawake wa Kasha walijaa uani, moto ukawashwa, wanaume wakaenda kutafuta mbao za sanduku. Na ilipokaribia saa sita walimwona mwenye msiba anavaa koti.

"Papa, unaenda wapi?" Martine akauliza.

"Kazini."

Shemeji zake walipiga kelele. Mtu anaacha maiti ya mke wake ndani ya nyumba anakwenda ofisini? Alikuwa na wazimu? Théodore alifunga koti, akatoka. Mtoto wake mwingine alikuwa anamngoja kwenye waya, na hakuwa na mtu.

Saa sita mashine ilianza palepale ilipokatika. Tak, yale matano, na kufunga mlango. Safari hii aliisikia kila herufi ikibisha hodi. Kwa nusu saa utepe ulitoka, kisha ukakoma wenyewe. Firmin, ambaye alikuwa amesikia habari na hakujua aweke wapi mikono yake, aliupandisha juu, akausoma, akaacha mlango wazi ili mzee asikie kutoka chini.

"...man, umunibusie Séraphine mudogo. Uningoje. Nakuya."

Séraphine mudogo alikuwa na wiki moja na siku chache duniani. Hakuna kaseti ya zamani ambayo ingeweza kumtaja. Neno moja hilo lingetosha. Théodore alilia kwa sauti, ofisini, kichwa juu ya mashine, na mlinzi wa getini akaja mpaka mlangoni akarudi.

Alipoinua kichwa, mashine ilikuwa imeandika kwa lugha ya watu:

PAPA ZIMEFIKA ZOTE? MAMAN AMESIKIA?

Na chini yake: NIAMBIE ALISEMA NINI.

Jamani, vidole vina akili yao. Vilikwisha kuinuka viandike AMESIKIA, AMEFURAHI, ANAKUBARIKI. Vilijua njia. Ndiyo desturi, na desturi haikuwa na ubaya: mtoto aliye mbali asilie peke yake. Théodore aliviangalia vidole vyake, kile cha shahada alichokishika Séraphine jana, akavirudisha mapajani. Kisha akaanza upya, polepole.

HAKUSIKIA. MAMAN YAKO AMEKUFA ASUBUHI. ALIKUFA AKIAMINI UMEMTANGULIA. KOKO EULALIE ALIKUFA MWAKA JANA NIKAKUFICHA. MAKOSA NI YANGU. MIMI NIKO HAPA.

Akaondoa mikono.

Hakuna kilichokuja. Mota ya mashine ilinguruma, karatasi ilisimama pale iliposimama. Kule Liège mtu alikuwa amekaa mbele ya mashine kama hii na hakuna aliyemshika. Firmin alishuka ngazi, akasema taratibu, "Papa Théo, rudi nyumbani, batu wanakungoja." Théodore alimwashiria anyamaze.

Baada ya muda mashine ikagonga, herufi moja moja, kama mtu asiyeona vitufe vizuri.

PAPA USIFUNGE LAINI.

SIFUNGI, akaandika.

Hawakuandika tena. Walibaki hivyo, baba upande huu na mtoto upande ule, laini wazi, bila herufi hata moja kupita. Théodore aliweka kiganja juu ya mashine mahali inapopata joto, akakiacha hapo. Saa saba ilipogonga, Kinshasa ikachukua laini yake.